Rangi Mbili za Mafua

Juzi, kwenye duka la dawa pale Mikumi malori yanapopumzika, dereva mmoja alipiga chafya kisha akanyoosha vidole vinne. "Nipe rangi mbili, nne." Muuzaji akamkatia vidonge vinne vya antibaiotiki bila kuuliza kitu.

Binti mmoja aliyekuja na mama yake kutoka Kilosa akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo baba. Mafua yanaletwa na virusi. Hizo zinaua bakteria, virusi hazivigusi."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Nasomea virusi chuo kikuu. Mwaka wa tatu."

"Miaka mitatu! Haya, dawa yake ipi?"

"Pumzika, unywe maji ya kutosha."

Duka zima tukacheka. Mama yake akainamisha uso kama vile binti katukana. Yaani mtoto apelekwe chuo kikuu, arudi na ushauri wa maji! Mimi, msomi wenu wa gazetini, nikaagiza zangu nne kwa sauti, nimwonyeshe.

Wakati napokea, nikamwona muuzaji anafuta kamasi, kikombe cha tangawizi kinafuka mvuke pembeni yake. Nikamuuliza mbona yeye hamezi rangi mbili.

"Nimeze za nini?" akashangaa. "Mimi nina mafua tu."