Kuni za Msiba wa Shangazi

Juzi, kwenye saluni moja mjini Kasulu, waliweka filamu ya kutisha aliyoitengeneza shangazi yangu. Lilipofika tukio la msiba, dada aliyekuwa akinisuka aliacha nywele zangu, akatazama.

Mchana tukio hilo liliporekodiwa, nikiwa bado mtoto, nyumbani kwetu Heru Juu, shangazi alikuwa amelala mkekani, gauni limelowa mawese, maana damu ya filamu zake ilitoka jikoni kwa mama. Hadithi alitunga mwenyewe, kamera aliazima. Mama na wenzake walitakiwa walie kidogo tu. Wakanogewa, kilio kikavuka mashamba ya mihogo.

Kwetu hakuna anayesubiri kuitwa msibani. Majirani waliacha majembe wakaja mbio, kuni na maharage vichwani, wakajitupa chini wakiomboleza. Hata kamera hawakuiona. Shangazi hakufumbua jicho mpaka mpiga picha alipomaliza. Ndipo akaketi, ananuka mawese.

"Yaani tumelia bure!" alifoka Mama Restuta, jirani yetu.

"Si bure, mama," shangazi akamjibu. "Watu watawaona mbali huko."

Mama Restuta akanuna, kisha akacheka, akawasha kuni zake. Maharage tukala wote. Mimi nilidhani kazi ya shangazi ni kufufuka, na shuleni nilitamba nayo sana.

"Hawa wanaolia wamesomea wapi kuigiza?" msusi aliniuliza.

"Hawakuwa wanaigiza," nilimjibu, shingo juu. "Walikuja kumzika shangazi yangu."