Dada Yangu Aliyecheza Binti wa Kadhi

Simu ilipokuja nilikuwa uani naanika nguo. Tangu nilipoikata mpaka adhana ya magharibi sikukaa kitako. Nilifagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa, nikachemsha chai nikaisahau, nikatoka mpaka barabarani nikarudi bila kununua kitu. Majirani wa mtaa wetu wa Madungu wananijua kuwa mwalimu mstaafu mwenye hatua za pole, na siku ile naona waliniangalia.

Aliyenipigia alikuwa mwandalizi wa tamasha moja la tamthilia za televisheni huko bara. Alitaka niwe mmoja wa majaji watatu. Alisema anamtafuta mtu aliyesomesha fasihi kwa miaka mingi, tena Mpemba, kwa sababu kati ya tamthilia zinazoshindania tuzo imo moja iliyotengenezwa upya kutokana na utenzi wetu mkongwe wa mapenzi, ule wa binti wa kadhi na mwashi.

"Ipo habari moja uijue mapema," nikamwambia. "Utenzi huo ulishachezwa kwenye televisheni zamani, na aliyecheza binti wa kadhi ni dada yangu. Naishi naye nyumba moja."

Akacheka. "Mwalimu, hapo ndipo umezidi kufaa."

Mimi sikucheka. Yeye hakujua kwamba baina yangu na dada utenzi ule haukuwa ukitajwa.

Watu wa rika langu hapa kisiwani wote wamekua nao. Mwashi analetwa kujenga upya ukuta wa nyumba ya kadhi. Upande wa pili wa ukuta yumo binti, haonekani. Wanasemeshana kwa beti, yeye ndani na mwashi nje, mpaka wanapendana bila ya kuonana uso. Baba anagundua, anamfukuza mwashi, anamwoza binti kwa tajiri. Binti anaacha kula, anakufa kabla ya siku ya harusi. Kisha mwashi anaitwa kujenga kaburi, na hakuna anayemwambia kaburi ni la nani. Bibi yetu alikuwa akitughania sehemu ile ya ukuta huku anachambua karafuu, na mikono yake haikusita:

*Nlango haufunguki,*
*ukuta hauvukiki,*
*sauti haizuiki,*
*sema nami, nasikia.*

Dada yangu alikuwa chuoni Unguja watu wa televisheni walipomchagua kucheza. Mimi nilikuwa bado mdogo, naandikia penseli. Siku hizo televisheni za watu binafsi zilikuwa chache, na sisi tukienda kuangalia Tibirinzi, ambako palikuwa na televisheni moja ya watu wote ndani ya sanduku la mbao lililokuwa likifungwa kwa kufuli. Jioni ya tamthilia yake walikuja watu wengi hata ikabidi baba anibebe begani. Niliona uso wa dada yangu umejaa kioo kizima. Nikapiga kelele kumwita, watu wakacheka, na baba pia akacheka.

Halafu ikaja ile sehemu ambayo mwashi anatoboa tundu ukutani na binti anapitisha mkono. Kijana akaushika mkono ule kwenye kifundo. Basi, hapo tu. Haikufika hata muda wa kuvuta pumzi. Lakini nilihisi bega la baba limekakamaa chini yangu.

Dada alikuwa ameshachumbiwa. Kabla ya mwezi kwisha wazee wa mchumba walikuja, wakakaa barazani, wakazungumza na baba kwa heshima zote, wakaondoka. Posa ikavunjika. Hawakumtukana mtu. Walisema tu kwamba kijana wao bado ana safari ya masomo. Dada akaitwa arudi Pemba, na chuo hakukimaliza. Baadaye aliolewa na mgane wa Wete aliyemzidi sana umri, mtu mwema, akamlelea watoto wake wakakua wakamwita mama. Mume alipofariki alikuja kukaa na mimi. Kanda za tamthilia ile hazipo tena. Tuliwahi kuambiwa kwamba zilirekodiwa mambo mengine juu yake. Kwa hiyo dada yangu hakuwahi kujiona. Siku ilipoonyeshwa yeye alikuwa bwenini, na bweni lao halikuwa na televisheni.

Kazi niliikubali, nikakusudia kuiangalia tamthilia mpya, waliyonitumia mtandaoni, peke yangu, chumbani, mlango nimeufunga. Lakini sehemu ya kwanza ilipoanza, sauti ya kompyuta ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, na mwimbaji akaanza na ubeti ule ule wa ukuta. Dada aliingia bila ya kubisha hodi. Alikuwa na unga mikononi.

"N'nini hicho?"

Nikamweleza. Sikuona njia ya kumficha.

Akaifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti. "Irudishe mwanzo."

Tuliiangalia siku kadhaa, baada ya sala ya alasiri. Umeme ukikatika tukingojea. Bando likiisha nikitoka mbio kutia jingine, kwa maana alikuwa hataki kungoja kesho. Mimi nilikuwa na karatasi yangu ya kutia alama na kalamu, na kila tulipoendelea nilizidi kukosa raha. Nyumba ya kadhi waliifanya kasri, na ngazi za marumaru. Mwashi alikuwa na kucha safi, hana hata tone la chokaa. Muziki ulipigwa kila mtu alipopepesa jicho. Beti walizinyoosha zote zikawa Kiswahili cha darasani: "nlango" ukawa "mlango", "ntu" akawa "mtu". Na msichana alikuwa akilia. Alilia ukutani, alilia dirishani, alilia akisuka nywele.

Nilikuwa nikiinuka kila mara. Nikienda dirishani, nikirudi, nikisimama nyuma ya kiti.

"Kaa basi," dada akinambia, macho hayatoki kwenye kioo. "Waniziba."

Tulipofika kwenye ukuta nikajiandaa. Katika hii mpya hawakupitisha mkono. Waliuangusha ukuta wenyewe, vumbi likaruka, na mwashi akamkumbatia binti mchana kweupe. Nikamtazama dada, nikidhani atafunika uso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Wameuvunja wote!" akasema. "Laa, hawa watu hawana woga!"

Na mwisho waliubadilisha. Binti hafi. Asubuhi ya harusi anapita mlangoni na nguo zake za harusi, mbele ya baba na mashahidi, anafuata njia mpaka aliko mwashi. Wanaondoka. Hakuna kaburi.

Nilizima kompyuta. Nilikuwa nimekasirika, nami sikuwa na habari kwamba nimekasirika mpaka nilipoisikia sauti yangu. "Wameua utenzi mzima. Kaburi ndilo moyo wake. Anajenga hajui anamjengea nani. Ukiondoa hapo, kinabaki nini?"

Dada akaniuliza, "Utawapa ngapi?"

"Siwezi kusema. Ni siri ya majaji."

"Wape."

"Dada, kazi yenyewe si nzuri."

"Nzuri." Aliinuka, akashika mgongo wa kiti. "Wee ushasomesha watoto wa watu miaka yote hiyo kwamba lazima afe. Kila mwaka ukimuua. Mimi nikikusikia hapo nje unasahihisha na wanafunzi wako: kwa nini binti alikufa, taja sababu. Hata siku moja hukuuliza kwa nini hakutoka akaenda zake."

"Kwa sababu mtunzi hakuandika hivyo."

"Mtunzi mwanamme," akasema. "Na mie nililala chini nikafunikwa shuka nyeupe, nikaambiwa nisipumue. Nikilala pale nikasema moyoni, huyu mjinga, nlango uko wazi, hata komeo hauna. Nilimwambia mwongozaji. Akanambia, wewe lala tu."

Ndiyo mara ya kwanza kunihadithia chochote kuhusu siku zile. Nilitaka kumwuliza mengine yote: kijana aliyemshika mkono alikuwa nani, alijuaje kwamba posa imevunjika, alilia au hakulia. Badala yake nikasema jambo la kipuuzi kabisa. Nikasema, "Lakini maneno yamepotea. Wamesema 'mlango'."

Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyeleta samaki aliyeharibika. Akatoka akarudi kwenye unga wake.

Siku ya kikao cha majaji tulizungumza kwa simu, watatu pamoja. Mmoja alikuwa mhadhiri, wa pili mtangazaji mstaafu wa Unguja. Mhadhiri aliipenda tamthilia ile. Alisema imeupa utenzi maisha mapya. Mtangazaji hakuipenda, kwake muziki ulikuwa kero tupu. Wakanisubiri mimi. Nilikuwa natembea kutoka jikoni mpaka ukumbini na simu sikioni, na kila nilipopita mlango wa dada nilimwona amekaa kitandani, kijitabu cha uradi mkononi, hasomi.

Nilijua ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema kwamba mwisho mpya una hoja, na kweli ulikuwa na hoja; ilikuwa inanisumbua tangu siku ile. Lakini hoja moja haikuweza kuibeba marumaru, na vilio, na zile kucha. Nikasema kile nilichokiona: mwisho una ujasiri, msichana ana kipaji na ameongozwa vibaya, beti zimeondolewa ladha, na kazi nzima haijafikia tuzo. Tukaipa tuzo tamthilia nyingine.

Nilipomaliza dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Umewanyima."

"Nimesema kweli."

"Haya," akasema. Akavaa buibui akaenda kwa shoga yake Gombani, akakaa huko siku tatu. Akapiga simu moja tu, kuniuliza kama nimewapa kuku maji.

Zile siku tatu sikupata raha hata kidogo. Nilikaa na utenzi, nikausoma kuanzia bismillahi. Nilipofika kwenye kaburi machozi yalinitoka kama siku zote. Kisha nikarudi kwenye beti za asubuhi ya harusi, nikatafuta mlango. Mtunzi anaeleza udi, anaeleza mazulia, anaeleza sauti za wanawake. Mlango hautaji. Sikuweza kujua ulikuwa umefungwa au uko wazi, na nimesomesha utenzi huo tangu nilipokuwa mwalimu mgeni.

Baadaye tamthilia ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya kila mtu, na haikujali sisi majaji tulisema nini. Madungu nzima ikaishika. Wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kwetu kuiangalia, kwa sababu televisheni yetu ni kubwa na dada ni mkarimu. Walijaa ukumbini, na watoto mapajani. Mimi nilikuwa nikipitisha chai na mkate wa kumimina, na kila nilipoambiwa nikae nilipata jambo jingine la kwenda kuangalia jikoni.

Siku ukuta ulipoangushwa, ukumbi ulipiga kelele. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, akatikisa kichwa. "Ile ya zamani hawakufanya hivi. Ile ya zamani alitoa nkono tu. Msichana mmoja wa hapa hapa Chake, sijui aliishia wapi."

Nilisimama na sinia. Nilitaka kulivunja lile neno kwa maneno mengine, kuuliza nani anataka sukari.

"Hakuishia popote," dada akasema. "Ni mie."

Wakamgeukia. Wengine wakadhani anafanya mzaha. Yule bibi akamsogelea, akamshika kidevu kama mtu anayekagua sarafu ya zamani, akamgeuza uso huku na huku.

"Subhanallah," akasema. "Ni weye kweli. Mume wangu marehemu alikwenda Tibirinzi kwa ajili yako, akaniacha na mtoto mwenye homa. Nilikulaani!"

Wakaangua kicheko wote, na dada akacheka zaidi ya wote. Kisha maswali yakaanza, yote yale niliyokuwa nimeshindwa kuyauliza mimi. Akayajibu moja moja, bila haraka. Kijana aliyemshika mkono alikuwa fundi cherehani. Posa ilipovunjika dada alilia siku moja, ya pili akakoma. Kilichomuuma zaidi ni chuo. Nilisikiliza yote hayo kutoka mlangoni, na hakuna aliyeniona.

Habari zikaenea. Kuna kikundi cha vijana kinachofanya michezo ya kuigiza pale Gombani na kuirusha kwenye simu za watu. Wakaja kumwomba acheze bibi katika mchezo wao mpya. Nilidhani atakataa. Nikamwambia, watu wana maneno, na siku hizi maneno yanaandikwa, hayapiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza mazoezi ni siku gani.

Sasa anakwenda mara mbili kwa wiki. Akirudi anakuwa amechoka na ana njaa, na mimi huwa nimeshatoka nje mara kadhaa kuangalia kama anakuja. Bado sijui kama nilihukumu sawasawa. Nikiulizwa leo nitasema yale yale, ila nadhani nitasema kwa sauti ndogo zaidi.

Jana alinipa karatasi za mchezo nimsikilize. Bibi katika mchezo anagombana na mumewe juu ya mjukuu anayetaka kuondoka. Nikasoma maneno ya mume, yeye akajibu. Aliposahau neno nikamkatiza, nikamwambia hapo pana sentensi umeiruka.

"Weye kuwa mume tu," akasema. "Tena kasirika kidogo."

Nikasimama, nikajaribu kukasirika.