Mlango Unaosikika Katika Wimbo wa Neema

Nakumbuka Jumapili moja ya Januari, kule Harrow, nilivyokaa kwenye zulia la watu nimenuna, mke wangu anaimba nyimbo za mapenzi uso kwa uso na mwanamume mwingine, na mimi nimekatazwa hata kukohoa. Usicheke, mwanangu. Nimesikia umegombana na mchumba wako kwa sababu ya picha ya ofisini kwao, eti kuna kijana amesimama karibu naye mno. Basi kaa hapa nikueleze habari za watu kusimama karibu, maana hizo nazijua kuliko wewe.

Mimi na Neema, huyu huyu unayemwita mama, tulikuwa bado wageni katika ndoa na katika nchi hii ya Wazungu. Tulipanga chumba Ilford. Mimi nilisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, yeye alihudumia wazee majumbani mwao. Akirudi kazini, hata koti hajavua, anachukua gitaa. Alipenda country, zile nyimbo tulizokulia nazo redioni, za Wamarekani wenye kofia wanaomlilia farasi na mke aliyeondoka. Neema alitunga za kwake kwa Kiswahili. Aliweka Singida humo, akaweka upepo na kuku na shangazi yake mkali, na ukizisikia unajua kabisa ni country.

Sasa kulikuwa na huyu Kimani, Mkenya tuliyesali naye kanisa moja. Alikuwa na sauti nzito, gitaa zuri, na kofia pana ambayo haikutoka kichwani hata akiwa ndani ya nyumba ya mtu. Walianza kuimba pamoja, yeye na Neema. Niliambiwa sauti zao zinaoana, na neno hilo nikalibeba mpaka nyumbani. Mwanangu, niliona wivu. Akipiga simu, nahesabu anavyocheka mke wangu. Akisifiwa kanisani, naangalia viatu vyangu.

Mimi sikujua muziki, hata kupiga makofi kwa mpigo naonewa huruma. Nikajitafutia changu. Wapiga gitaa, ncha za vidole vya mkono wa kushoto huota sugu kwa ajili ya kubonyeza nyuzi, na vya Neema vilikuwa vigumu kama kisigino. Nikanunua mafuta ya nazi. Kila jioni nauchukua mkono ule, naupaka, nausugua taratibu mpaka vidole vinakuwa laini. Kimani ana gitaa, mimi nina chupa yangu, nikaona tumetoshana. Neema alikuwa ananitazama tu, anatabasamu.

Siku moja mazoezini Kimani akamwambia mbele yangu, "Dada, vidole vyako vimekuwa laini sana siku hizi. Ni nini?" Neema akamjibu kwamba ni maji ya kazini, anaosha vyombo vya wazee. Mimi wala jibu halikuniingia. Nilichosikia ni kwamba mtu huyu anavijua vidole vya mke wangu. Amevijuaje? Nilikaa na swali hilo wiki nzima kama mtu mwenye jino bovu.

Ndipo ikaja siku ya kurekodi. Bi Shirin, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza na kuishi Harrow miaka mingi, alituazima sebule yake, na mwanawe akaleta mitambo. Wageni tulikuwa wachache, tumeketi chini. Viatu tuliacha mlangoni, simu zilizimwa, saa ya ukutani ilitolewa, na hata friji ilichomolewa isije ikavuma, nyama ya Bi Shirin ikabaki humo bila umeme. Kila kitu kingeimbwa mara moja, bila kurudia na bila kurekebisha, na kila sauti ya chumbani ingebaki.

Na maiki ilikuwa moja. Sikiliza vizuri hapo, maana ndipo nilipoharibikia. Wakiimba kwa maiki moja, hakuna wa kuwapunguzia sauti. Wanajipimia wenyewe kwa miguu. Anayeongoza anasogea, anayeitikia anarudi nyuma kidogo, na wakiimba pamoja wote wanasogea mpaka pumzi zinakutana. Kimani ilibidi aivue kofia, la sivyo ingemgonga Neema usoni. Ndiyo mara ya kwanza nikamwona kichwa wazi, na alikuwa na nywele nzuri. Nikazidi kumchukia.

Wakaimba wimbo mmoja, nikavumilia. Wakaimba wa pili. Wa tatu ulikuwa mpya, Neema alikuwa amenificha wimbo huo nyumbani, hakuwahi kuuimba nikiwepo. Ulimhusu mtu anayependwa na hajui anavyopendwa. Kwenye kiitikio wakasogea wote wawili, paji kwa paji, Neema akafumba macho na Kimani akatabasamu. Kumbe ndiyo maana nimefichwa, nikasema moyoni. Nikasimama, nikawaruka watu, nikatoka, na mlango nikaubamiza.

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na koti langu liko ndani. Viatu viko ndani. Nimesimama na soksi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, na kengele siwezi kupiga maana bado wanarekodi. Nilikuwa na hasira, lakini kuharibu mara mbili niliona aibu. Madirisha yalikuwa ya vioo viwili, sauti haitoki. Mzungu mmoja akapita na mbwa wake, akaniuliza, "You all right, mate?" Nikamwambia niko sawa. Mbwa naye alinitazama kwa muda mrefu.

Mwishowe Bi Shirin akafungua, ameshika viatu na koti langu. Hakunipa. Alinitazama kwanza, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha Mwanza, "Elia, mimi nilikuja nchi hii na mume mwenye wivu, na nimemzika hapa hapa na wivu wake. Mimi nilikuwa naimba, unajua? Harusi zote za Mwanza walikuwa wananiita. Yeye hakukaa akasikia wimbo wangu mmoja mpaka mwisho. Halafu nikaacha. Aliponiomba nimwimbie hospitali, sauti ilikuwa imekwenda." Akanikabidhi viatu. "Vaa. Ingia, ukae na watu."

Niliingia, nikakaa. Neema hakunitazama. Kwenye treni ya kurudi aliliweka gitaa katikati yetu kama abiria wa tatu. Nyumbani nikaleta chupa yangu ya mafuta, nikanyoosha mkono kuupokea wake. Akaukunja ngumi. "Leo hapana, Elia," akasema. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Angenigombeza ningejua pa kushika, lakini mkono ule uliofungwa ulinionyesha jinsi mtu anavyoweza kukuacha huku mnakula meza moja.

Rekodi ikaja. Mwana wa Bi Shirin alikuwa ameuliza kama aondoe wimbo wa tatu, kwa sababu ya mlango, na Neema akakataa. Nikaisikiliza peke yangu, yeye yuko kazini, nikitafuta ushahidi wangu. Nikafika kwenye kiitikio, nikaumia upya. Kisha, pwaa, mlango. Gitaa likayumba kidogo, likakaa sawa. Halafu sauti ya Kimani ikaenda mbali. Alikuwa amerudi nyuma, mwanangu, kwenye maiki moja jambo hilo husikika. Alirudi nyuma kabisa, akamwachia Neema ubeti wa mwisho peke yake.

Neema akaimba:

Yupo anipakaye mafuta vidoleni jioni,
asubuhi nyuzi zinanikata, simwambii;
akijua ataacha, na mimi sitaki aache.

Nililia, sikufichi. Sugu zile ndizo zilizokuwa kinga yake. Mimi kila jioni nilikuwa nazilainisha, na kila siku alibonyeza waya kwa nyama tupu, akawadanganya watu ni maji ya kazini ili mimi nisiaibike. Kimani alikuwa ameujua ubeti ule tangu mazoezi ya mwisho. Ile siku nilidhani anatabasamu kwa ajili yake mwenyewe.

Neema aliporudi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa unafurahi mno." Kisha akaongeza, "Ila siku ile nilifumbua macho nikuangalie, nikaona zulia tupu." Nilikwenda kuchukua ile chupa niitupe. Akaniita nirudi, akanipa mkono wa kulia. "Huu haubonyezi nyuzi," akasema.

Sitakudanganya kwamba wivu uliisha. Kimani bado hututumia salamu za Krismasi, na hadi leo nazipokea kwa shingo upande. Mtu ana wajukuu lakini bado ana zile nywele. Wajukuu wangu mimi hawakijui Kiswahili vizuri, lakini wimbo ule wanaujua, na mlango ukilia wote hugeuka kunitazama, wanasema, "That's Babu." Nami nakubali kwamba ni mimi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Wivu utakuja, huna dawa yake, wala usijione mbaya kwa kuusikia. Ila kaa nao ukiwa umeketi. Usiutazame umbali uliopo kati ya mtu wako na aliyesimama naye, msikilize anamtaja nani. Na kama hujaelewa, muulize mwenyewe, kwa adabu, kabla hujaihoji picha kwa hasira. Mkono wa mtu ukishafungwa, kuufungua si kazi ya siku moja.

Mungu akupe moyo mtulivu, akupe mke wa kukuimbia na masikio ya kungoja ubeti wa mwisho. Ulale mahali unapopendwa, uamke unajua hivyo. Haya, nenda kwa mwenzako ukamwombe radhi. Na ukitoka hapa, funga mlango taratibu. Mama yako anarekodi.