Nimefyekeshwa nyasi kwa kumwitikia mgeni wa Japani "marahaba"

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni form three, shule moja huku Kongwa, na haya yamenikuta mwenyewe wiki hii. Nikiongeza chumvi, nizibeni mdomo.

Iko hivi.

Tangu likizo najifunza Kijapani kwenye simu ya dada. Cha msafiri tu. Konnichiwa, salamu ya mchana. Arigatou gozaimasu, asante sana. Sumimasen, samahani, hii unamwitia hata mhudumu mgahawani.

Shida, sina wa kuongea naye. Kongwa hii Mjapani utampata wapi? Mbuzi wa nyumbani nimewasalimia mpaka wamenichoka.

Ghafla paredi tunatangaziwa kwamba mzee mmoja kutoka Japani anakuja kuona kisima chetu kipya. Nikanyoosha mkono mpaka bega likalia. Nikapewa kazi ya kumpokea, na kuwafundisha wenzangu salamu.

Nilichotaka ni kimoja: Mjapani wa kweli anijibu.

Sasa aingie mwalimu wa nidhamu. Tunamwita Kipenga, maana hakimtoki shingoni. Akasikiliza zoezi letu, akauliza hiyo konnichiwa ni ya wakubwa au ya wadogo. Nikamwambia ni ya wote, heshima wenzetu wanaionyesha kwa kuinama, na mkubwa unamwinamia zaidi.

"Shikamoo yao ni ipi?"

Nikasema hawana.

"Hakuna taifa lisilo na shikamoo. Unatuficha ili mzee wa watu tumsalimie kama muuza karanga."

(Wauza karanga mnisamehe, sio maneno yangu.)

Nikaenguliwa hapo hapo. Ningetunga neno lolote angepiga makofi. Nimesema ukweli, nikapelekwa kufungua geti. Nafasi yangu akapewa kiranja mkuu, ambaye Kijapani chake chote ni majina ya magari.

Siku ikafika. Walimu na kiranja wamejipanga kule ofisini. Gari likasimama getini, mzee akashuka, kichwa mvi tupu. Akaniona. Akanyoosha mikono mapajani, akaniinamia mimi, mwenye soksi moja:

"Shikamoo."

Wakuu, nilipoa. Inaonekana na yeye alifundishwa kuwa hii ndiyo salamu ya heshima, ila hakuambiwa kwamba inapanda juu tu, haishuki. Lakini shikamoo ikishatolewa unafanyaje? Jibu ni moja duniani.

"Marahaba," nikasema. Halafu nikainama mpaka nikaona vumbi la viatu vyangu, nikamwambia konnichiwa.

Uso wake ukafunguka. Akamwaga Kijapani kirefu, sikuambulia hata robo. Lakini nimejibiwa!

Kipenga kikalia kutoka ofisini. Mwenye nacho alikuwa amesikia marahaba tu.

Mgeni alipoondoka nikaitwa. Eti nimemwitikia babu wa watu kama mjukuu wangu. Nikaeleza kwamba aliyeanza ni yeye, nikaongezewa na upande wa vyoo. Nafyeka mpaka Ijumaa.

Ila kinachoniuma sio fyekeo. Mzee yule alipofika ofisini alimwinamia mwalimu wa nidhamu naye, akampa shikamoo ile ile, mbele ya shule nzima. Mwalimu, ambaye mzee angeweza kumzaa, akavuta tai, akaitikia marahaba. Nzito kabisa.

Mbona yeye hafyeki?

Funzo: ukijifunza salamu za watu, uliza na nani anamwanza nani. Na mgeni akija, mwambieni mapema, msimwachie mtoto wa getini.

Mnaosema ningenyamaza, karibuni. Mtaje kwanza ni shikamoo ya nani mliwahi kuiacha hewani.