Kamera ya Pua na Dawa ya Shangazi

Tuliondoka Bunia kwa sababu ya jicho la mama yangu. Pua yake ilikuwa imeziba tangu tulipokimbia vita kijijini kwetu Bule, na siye watoto tulikuwa tumezoea kumsikia akihema kwa mdomo. Halafu jicho la kushoto likaanza kutoka nje. Daktari wa hapa mjini alitazama picha, akavua miwani.

"Nyama za pua zimeota, na usaha nyuma yake unasukuma jicho," alisema. "Siku hizi hawapasui tena uso. Wanapitisha kamera nyembamba mu tundu la pua, wanatoa yote. Lakini hapa hatuna, tunatuma watu Kampala. Muende mbio, jicho linaweza kufa."

Mimi ni muuza vitenge, kungoja siwezi. Nilipiga simu Kampala siku ileile, tukapewa nafasi ya Ijumaa.

Asubuhi na mapema tulikuwa kwenye maegesho. Magari yalingojana ili yatembee pamoja na askari, kwa kuogopa waasi njiani. Tulipoingia Djugu, mama aligeukia vilima. "Nyuma ya kile, njo kwetu Bule," akasema. Nikamwambia apumzike, tena kwa ukali. Woga wangu hutokea mdomoni.

Mahagi, jioni. Tulilala kwa shangazi Jeanne, dada ya marehemu baba. Alitupikia ugali na ndakala, vile visamaki vikavu, kisha akamtazama mama.

"Mama Neema, weye iko unapumua hivi na unataka kupita kwangu bila dawa?"

Akatwanga majani yake ya dawa pamoja na tumbaku, akakamua maji kwenye kitambaa.

"Shangazi, dokta alikataza kutia kitu puani," nikasema.

"Dokta njo alikuzaa?"

Kwetu, mjane hakatai kitu anachopewa na dada ya mume wake. Akikataa, ni kama anamwita mchawi. Mama alinitazama mara moja tu, akalaza kichwa nyuma. Dawa ikaingia, machozi yakamtoka, akasema, "Asante, Mama Jeanne." Mimi nilitoka nje nikauma midomo.

Asubuhi mto wa kulalia ulikuwa na damu. Tulivuka mpaka wa Uganda pale Goli tukapanda basi. Watu walipoonyeshana Nile kwenye daraja la Pakwach sikuinua hata kichwa, maana nilikuwa nimeshika kitambaa chini ya pua ya mama.

Kampala. Benchi ya wagonjwa wa pua ilijaa Wakongomani. Muzee mmoja wa Ariwara alitusogezea nafasi. "Nilipokuja mara ya kwanza tulikuwa watu wawili watatu," alisema. "Sasa ona. Kila mutu amesikia habari ya kamera."

Daktari alimulika pua ya mama, akauliza kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Nani ametia nini humu?" Nikaeleza. Akatikisa kichwa. Ndani kote kulikuwa kumeungua na kuvuja damu. Kamera haioni ndani ya damu, alisema, na hapo juu tu ni ubongo. Akamwekea mama dripu, akasema tungoje uvimbe ushuke. Ijumaa yetu akapewa mwingine, kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watu wengi.

Tukangoja. Kila asubuhi mama aliziba jicho la kulia, lile lililo zima, kwa kiganja, akanitajia rangi ya kitenge changu. Manjano. Nyekundu. Bluu, lakini kama ya mbali. Kisha asubuhi moja akaziba, akauliza, "Neema, leo umevaa rangi gani?"

Nililia kama mutoto, mbele ya watu.

Operesheni yenyewe ilikwenda vizuri. "Pua ni safi," daktari alisema. "Jicho, pole sana. Siwezi kusema kama ni ile dawa au ni kuchelewa. Pengine yote mbili."

Njia ya kurudi ilipita Mahagi tena. Maneno ya kumwambia shangazi nilikuwa nimeyapanga tangu Kampala, na yalikuwa makali. Alitupokea mlangoni, mikono juu.

"Mama Neema, unapumua! Dawa yangu ilisaidia?"

"Ilisaidia, Mama Jeanne," mama akajibu. "Asante sana."

Shangazi akapiga makofi, akakimbilia jikoni. Hakuuliza habari ya jicho, na mama alikaa upande ambao halionekani vizuri.

Kesho yake, garini, nilishindwa kujizuia. "Mama, kwa nini?"

"Alizika kaka yake. Alizika watoto wake wawili," akasema. "Sasa unataka nimupe na jicho yangu abebe?"

Basi ninyi mnaopanga safari hii, nendeni mapema, na msikubali kutiwa kitu puani njiani, hata na mtu anayewapenda. Jina la shangazi nimelibadilisha, asije siku moja akasomewa haya.