Siku Maksai Wangu Alipohudhuria Mkutano wa Kijiji

Leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia. Mimi, mwenyekiti wa kijiji, mtu niliyeomba kura kwa neno moja tu, uwazi, nilimkana ng'ombe wangu mbele ya kijiji kizima.

Huku kwetu upande wa Lalago tuna ngitili, yale malisho tunayoyafunga mpaka kijiji kiamue kuyafungua, ili kiangazi mifugo isife, na ni mimi niliyeshupalia sheria kwamba ng'ombe akikamatwa humo mwenyewe atajwe mkutanoni na apewe adhabu, na asipojitokeza, ng'ombe achinjwe aliwe na wanakijiji (nilipigiwa makofi, nikavimba kichwa). Sasa asubuhi ya mkutano nafika ofisini, nani kafungwa kwenye nguzo ya ubao wa matangazo? Waziri, maksai wangu, anacheua, hana habari.

"Mwangaluka, mwenyekiti," akanisalimu kwa Kisukuma mzee Masunga, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. "Tumemkuta kwenye ngitili. Unamfahamu?"

Hapo ningesema "wangu huyo," yakaisha. Badala yake nikakohoa, nikasema, "Tutalijadili mkutanoni."

Mkutano ukaanza, Masunga akauliza mwenye ng'ombe ni nani, mimi nimeinamia ajenda, akauliza tena, ndipo vijana wakaanza kuulizana kisu kiko wapi na akina mama wakataja masufuria ya kanisani, nami jasho linanitoka kwa sababu mvua za kupandia zilikuwa mlangoni na bila Waziri plau langu ni chuma chakavu tu. Mke wangu, Mama Kulwa, akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mwaka huu plau utavuta wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikibanwa huwa napiga mluzi (ugonjwa wangu tangu utoto), nikapiga, tena uleule ninaomwitia Waziri jioni nikimpa chumvi. Basi! Alivuta kamba, nguzo ikang'oka, akaja mbio katikati ya watu akiburuta ubao mzima, sheria yangu imebandikwa juu yake na sahihi yangu na mhuri, akafika mezani akaanza kunilamba mkono.

"Ni wangu," nikasema.

"Tunajua," Masunga akajibu kwa upole. "Nani hapa hamjui Waziri? Tulikuwa tunakusubiri wewe, mwanangu."

Kumbe hata kisu hakikuwepo. Niliona aibu sana, na papo hapo nikawapenda watu wale kuliko siku waliyonipa kura. Adhabu yangu ilikuwa kulima shamba la shule, mimi na Waziri, watu wamejipanga njiani wanatupungia mikono kama msafara wa mkubwa. Ubao niliuchimbia upya mwenyewe.

Tangu hapo kila nikifungua mkutano, kabla hata ya ajenda, lazima sauti itoke nyuma: "Mwenyekiti, Waziri yuko wapi?"

Nami nasimama, najibu kwa nguvu mpaka wa mwisho asikie: yuko nyumbani, nimemfunga mwenyewe, kamba mbili.