Feni za Majirani

Tangu astaafu, fundi umeme yule alikuwa na adui mmoja tu duniani: feni za majirani. Kila akikaa sebuleni kusikiliza taarifa ya habari, redio yake ilinguruma kama mashine ya kusaga.

"Wameanza tena!" alifoka. Alizima feni yake kwanza, maana hakuwa mtu wa kuchezea umeme, kisha akatoka na redio mkononi kumsaka mbaya wake. Akifika nje tu, redio ilitulia tuli.

"Unaona, mama watoto? Wakiniona, wanazima!"

Basi alipiga hodi mlango hadi mlango, akikagua feni ya jikoni kwa huyu, jokofu kwa yule, na kuwapa wote somo la umeme ambalo hawakuliomba. Alirudi jioni hoi lakini mshindi, akawasha feni apate upepo. Redio ikanguruma.

Mdogo wa mkewe, aliyekuja kuwatembelea, aligundua siku hiyo hiyo. "Dada, si umwambie shemeji kwamba ni feni yake mwenyewe?"

"Nyamaza wewe!" dada mtu alimnong'oneza, akijinyoosha kwenye kochi. "Unataka ashinde humu ndani?"